Nkosi, Nduna na Chifu: Istilahi za Vyeo vya Utawala Mkoani Ruvuma

Mwanafunzi wa Mbinga au wa Mbamba Bay asomapo habari za Vita vya Majimaji, aghalabu hukuta kwamba Mputa Gama anaitwa chifu, Songea Mbano anaitwa chifu, na Makita wa Umatengo naye ni chifu. Kwa neno hilo moja watu watatu wenye vyeo mbalimbali wamevikwa kanzu moja. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti za vyeo hivyo na kupendekeza namna ya kuviandika katika Kiswahili.

Katika dola za Wangoni, mtawala mkuu aliitwa nkosi. Chini yake walikuwapo manduna, yaani wakuu wa majeshi na wa sehemu za nchi. Nkosi alishika kiti kwa nasaba. Nduna alikuwa na madaraka kwa niaba ya nkosi. Mambo haya mawili yakichanganywa, habari za urithi wa kiti hazieleweki.

Tutazame mfano. Zwangendaba, nkosi wa ukoo wa Jere, alivuka mto Zambezi mwaka 1835, akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Ukazuka ugomvi juu ya nani amrithi, na watu wakagawanyika. Mwanawe Mpezeni alikwenda nchi ambayo leo ni Zambia. Mwanawe mwingine, Mbelwa, akatawala kaskazini ya Malawi ya leo. Kundi lililopitia mashariki ya Ziwa Nyasa liliongozwa na Zulu Gama na Mbonani Tawete, ambao hawakuwa wana wa Zwangendaba. Wangoni wa Maseko, waliokuwa wametangulia kufika huko, walifukuzwa katika miaka ya 1860. Ndipo zikasimama dola mbili: Njelu ya akina Gama na Mshope ya akina Tawete, kila moja na nkosi wake. Cheo kilichokuwa cha nyumba moja kikawa cha nyumba zilizokuwa chini yake. Msomaji aliyepewa neno "chifu" tangu mwanzo hawezi kuyaona mageuzi hayo.

Jambo kama hili limetokea kwingineko. Huko Bara Hindi, Shivaji wa Wamaratha alitawazwa mwaka 1674 kwa cheo cha Chhatrapati. Waziri wake mkuu aliitwa Peshwa. Tangu 1713 uwaziri huo ukawa wa urithi katika nyumba moja, na baada ya kufa kwa Chhatrapati Shahu mwaka 1749, Peshwa aliyekaa Pune ndiye aliyekuwa na nguvu, hali Chhatrapati amebaki na heshima ya kiti huko Satara. Mfasiri akiwaita wote wawili "mfalme", amekwisha kuipoteza historia yenyewe.

Turejee Ruvuma. Wajerumani walipojenga boma mwaka 1897, liliitwa kwa jina la Songea Mbano, nduna wa Njelu. Katika maandishi yao watawala wa Wangoni waliitwa "sultani", neno la pwani lililobebwa hadi bara. Nkosi Mputa alinyongwa tarehe 27 Februari 1906 pamoja na makumi ya wenziwe, na Songea akanyongwa siku chache baadaye. Mji ukabaki na jina la nduna. Kumwita Songea nduna si kumshusha. Ni kueleza kwamba nduna aliweza kuwa na sifa iliyovuka mipaka ya cheo chake.

Kwa Wamatengo mambo ni mengine. Hapo kale kila ukoo ulikuwa na mkuu wake. Mashambulizi ya Wangoni ndiyo yaliyowafanya wajikusanye milimani, na ukoo wa Makita ukapata nguvu. Kwa hiyo Makita ni jina la mtu na la ukoo, wala si cheo. Na kumwita nkosi ni kosa sawa na kumwita sultani.

Neno "chifu" nalo lina historia yake. Lilipata maana maalumu katika utaratibu wa Waingereza wa kutawala kwa kupitia wenyeji, uliotiwa katika sheria mwaka 1926. Na madaraka ya machifu yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Kumwita Zwangendaba chifu kunakaribia kumwita mkuu wa mkoa.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Kwanza, cheo cha wenyeji kiandikwe kama kilivyo na kifafanuliwe mara ya kwanza kinapotajwa. Pili, upatanisho ufuate ngeli ya watu: nkosi alitawazwa, nkosi walitawazwa, nduna aliteuliwa, manduna waliteuliwa. Tatu, hadhi iitwe unkosi na unduna. Nne, "chifu" liachiwe wakati wa ukoloni na mambo yaliyotokana nao. Na pale ambapo cheo cha wenyeji hakijulikani kwa hakika, "mtawala" latosha.