Sanaa Ianze Kwenye Ramani ya Jengo

Anayeingia nyumba ya kale ya Lamu hukuta sanaa ndani ya ukuta wenyewe: zidaka zilizopangwa safu kwa safu, lipu iliyochongwa na mlango wenye nakshi. Majengo mengi ya umma siku hizi hujengwa kinyume chake. Jengo hukamilika, hupakwa rangi, kisha msanii huitwa siku chache kabla ya uzinduzi aurembe ukuta uliobaki.

Kuchelewa huko kuna gharama. Mchoro ulio kwenye ukuta unaopigwa na mvua huambuka. Vigae vya nakshi hutobolewa ili bomba lipite. Sanamu nzito hukosa msingi wa kuibeba. Msanii akiketi na msanifu majengo na mhandisi wakati ramani bado inachorwa, hayo hurekebishwa kwa penseli, si kwa nyundo. Tena sanaa yenyewe inaweza kufanya kazi: vigae vya rangi tofauti kwa kila idara ya kituo cha afya humwelekeza asiyejua kusoma, na grili za madirisha zilizobuniwa na msanii huzuia wezi vilevile.

Pesa je? Ufaransa ilianza mwaka 1951 kutenga asilimia 1 ya gharama ya ujenzi wa shule kwa sanaa, na mwaka 1959 jiji la Philadelphia, Marekani, likaweka utaratibu wa aina hiyo. Kwa jengo la shilingi milioni 80, asilimia 1 ni shilingi 800,000. Humo mna malipo ya msanii, vifaa na akiba ya ukarabati, ambayo ndiyo husahaulika kwanza.

Hapa Kenya, Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 nayo inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, hivyo vikundi vya wasanii vilivyosajiliwa vina nafasi. Sheria ya Hakimiliki humruhusu msanii kupinga kazi yake ikiharibiwa kwa njia inayomvunjia heshima. Kwa hiyo mkataba useme mapema nini kitafanyika ukuta ukihitaji kupakwa upya.

Wakazi wanaohudhuria vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti wanaweza kuuliza, kabla ramani haijapitishwa: msanii ataitwa lini, na nani atalipia matengenezo?