Mungu wa Aristote na Mungu wa Abrahamu

Ku egzameni ya filozofia wengi kati yetu tunaandika hivi: «Hata Wagreki walimujua Mungu mumoja kama sisi.» Neno hili ni kweli nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo yenye kuleta kazi.

Ni kweli, wenye hekima kati ya Wagreki walichoka na hadisi za miungu yenye kuiba na kuzini. Miaka 500 hivi mbele ya Kristo, Xenophane aliwacheka watu wenye kujifanyia miungu kwa sura yao: Waethiopia miungu weusi, watu wa Trakia miungu wa macho ya buluu. Yeye alifundisha Mungu mumoja mukubwa, asiyefanana na mutu hata kidogo.

Kisha akaja Aristote (384-322 mbele ya Kristo). Swali lake ni la kila siku: kitu kikitembea, nani amekisukuma? Jiwe linasukumwa na fimbo, fimbo na mukono, mukono na mutu. Tukirudi nyuma bila mwisho, hatutapata jibu. Basi lazima awepo wa kwanza, mwenye kusukuma vyote bila yeye kusukumwa. Vizuri. Lakini anasukuma namna gani? Hashiki kitu. Vitu vinavutwa kwake, kama vile mutu anavyovutwa na kile anachokipenda. Na kazi yake ni kufikiri tu. Tena anajifikiri yeye mwenyewe, maana hakuna kingine kinachostahili. Hakuumba dunia, kwa sababu kwa Aristote dunia haina mwanzo. Na tusisahau: katika kitabu kile kile cha Metafizika anahesabu wenye kusukuma mbingu 55, ao 47! Ule umoja si mwepesi vile tunavyoandika.

Sasa fungueni Kutoka 3. Mungu anaona mateso ya watu wake katika Misri, anasikia kilio chao, anamuita Musa kwa jina, mara mbili. Yule wa Aristote anapendwa, lakini yeye hapendi. Ukimuomba, hasikii. Hapa ndipo njia zinaachana, si kwa hesabu ya mumoja ao wengi.

Shida hii iliwashika sana watu wa dini zenye kumuita Abrahamu baba. Kwa Waislamu, Ibn Sina (alikufa 1037) alisema Mungu anajua kila kitu, lakini kwa ujumla tu. Al-Ghazali (alikufa 1111) akamupinga kwa nguvu: basi Mungu hajui kama wewe hapa umetii ao umekataa! Sisi tunaona swali lake ni la kweli kabisa, maana bila jibu hakuna maombi. Kwa Wakristo, Thomas wa Aquino (alikufa 1274) alijibu kwa neno la Aristote mwenyewe: ndiyo, Mungu anajijua, lakini akijijua, anajua vyote, na kila mumoja wetu, kwa sababu vyote vimetoka kwake. Aristote hakuweza kujibu vile, juu ya dunia yake haikuumbwa na mutu wala Mungu.