Sumu ya Nyoka, Dawa Yake na Yai la Kuku

Leo tunazungumza kuhusu dawa ya sumu ya nyoka: inatoka wapi, inapimwaje, na kwa nini ukimbilie hospitali mtoto akiumwa.

Hapa Kilifi na Malindi nyoka ni jirani. Hufuata panya na vifaranga, huingia nyumbani usiku, na mtoto aliyelala chini kwenye mkeka ndiye anayekutana naye. Mwili wa mtoto ni mdogo, lakini sumu anayotiwa haipungui. Ndiyo maana humlemea upesi kuliko mtu mzima.

Mmoja wa waliotufundisha mengi kuhusu nyoka wa pwani ni James Ashe. Mwaka 1980, yeye na mkewe Sanda walianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Ashe alikuwa wa kwanza kusema kwamba swila mkubwa wa rangi ya kahawia ni aina ya peke yake. Alifariki mwaka 2004, na mwaka 2007 wanasayansi walikubali, wakampa nyoka huyo jina lake: Naja ashei. Swila mmoja wa aina hiyo, aliyekamuliwa Watamu mwaka 2004, alitoa sumu mililita 6.2. Hiyo ni zaidi ya kijiko cha chai!

Je, dawa hutengenezwaje? Nyoka hukamuliwa sumu. Farasi hudungwa sumu hiyo kidogo kidogo, bila kumuua, mpaka damu yake itengeneze kinga. Kinga hiyo huchujwa kutoka kwenye damu, ikawa dawa.

Lakini utajuaje kama dawa ina nguvu? Kwa miaka mingi imepimwa kwa panya. Hudungwa sumu iliyochanganywa na dawa, kisha huhesabiwa wangapi wamepona na wangapi wamekufa. Labda utasema, "Ni panya tu." Lakini panya naye husikia maumivu, na kipimo hiki hutumia panya wengi.

Kwa hivyo watafiti wametafuta njia nyingine. Mwaka 1998, Paula Sells na wenzake wa Liverpool, Uingereza, walieleza jinsi ya kutumia yai la kuku lenye mbegu. Wewe mfugaji unajua: ukilimulika yai la siku chache, waona mishipa ya damu imeanza. Wakati huo kiinitete hakijaweza kusikia maumivu. Sumu ikiwekwa hapo, mtafiti huona kama inaleta madhara na kama dawa inaizuia. Njia hii haifai kwa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, kama ya koboko. Wengine hutumia chembe hai zinazokuzwa ndani ya vyombo vya maabara. Hata hivyo, mpaka leo panya hawajaachwa kabisa.

Kupima ni lazima. Mwaka 2017, watafiti wa Liverpool na wenzao wa Kenya walichapisha matokeo ya dawa zilizokuwa zikiuzwa nchini. Baadhi zilikuwa dhaifu mbele ya sumu za nyoka wa Afrika Mashariki. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa mbali yaweza kushindwa na nyoka wetu.

Sasa, mtoto akiumwa, fanya hivi:

Mtulize, asitembee wala kukimbia. Mbebe.

Mvue bangili, pete na nguo za kubana, kwa sababu mahali hapo patavimba.

Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Usikikaze kwa kamba, usichanje, usinyonye, wala usipoteze muda na jiwe la nyoka.

Mpeleke hospitali mara moja. Dawa hutolewa hospitalini tu, maana yaweza kumdhuru mgonjwa asipoangaliwa.

Usimfukuze nyoka. Kumbuka tu rangi na ukubwa wake, umwambie daktari.

Swila akimtemea mtoto machoni, mwoshe kwa maji mengi safi, kisha mpeleke hospitali.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Mlaze mtoto kitandani, chandarua kikiwa kimechomekwa vizuri. Fyeka nyasi karibu na nyumba, na usiku usitoke bila tochi.

Mama, wanasayansi wanafanya kazi yao, nawe una yako: kumfikisha mtoto mapema. Dawa nzuri haimsaidii aliyechelewa.