Salami ya Lucknow

Kathak si ngoma ya kurukaruka, kama wengi wetu tunavyodhani tutokapo sinema. Ni ngoma ya hesabu. Hapa Lucknow, kaskazini ya India, nilikokuja kuisoma, kutwa ni mapigo 16 ya tabla. Zunguka upendavyo, lakini pigo la kwanza likirudi, mguu na uwe chini sawia.

Mwalimu hakunipa njuga mpaka nilipoyasema mapigo yote kwa mdomo, "ta thei thei tat", huku nikipiga makofi. Kisha akanifunga njuga 100 kila mguu. Uzito wake, wallahi, wausikia mpaka nyongani!

Ilipobaki wiki moja nicheze mbele ya watu, tuliingia katika jambo lililonikosesha usingizi. Wenzangu Wahindu hufungua kwa kuiomba miungu yao. Mimi Mwislamu nifungue vipi? Nikaomba nifungue kwa salami, mkono ukipanda hadi kwenye paji la uso. Hiyo ni desturi ya majumba ya manawabu wa Kiislamu. Wajid Ali Shah, aliyetawala hapa hadi Waingereza walipomwondoa mwaka 1856, mwenyewe alijifunza kathak.

Mwalimu, naye Mhindu, alinyamaza kidogo. Kisha akamgeukia mpiga tabla: "Mpigie salami."