Nairobi hadi New York: Umbali Mmoja, Muda Tofauti

Umbali kati ya Nairobi na New York, ukipimwa juu ya uso wa dunia kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ni takriban kilomita 11,800, na ndege za Kenya Airways, zilizoanza kuiunganisha miji hiyo bila kutua popote tarehe 28 Oktoba 2018, zilipangiwa saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Tofauti hiyo ya saa nzima yastahili kuelezwa, kwa kuwa wasafiri wengi hugawanya kilomita kwa mwendo wa ndege wakadhani wamepata jibu.

Njia fupi yenyewe haifuati rula. Katika ramani ya Mercator, ambayo huzitanua mno nchi zilizo mbali na ikweta, mstari ulionyooka kati ya miji hiyo hupita Jamhuri ya Afrika ya Kati na Nigeria, na urefu wake huizidi njia fupi kwa zaidi ya kilomita 300. Njia fupi ni sehemu ya duara kuu, yaani duara linaloigawa dunia katika nusu mbili zilizo sawa. Nayo huelekea kaskazini-magharibi kupitia Uganda, Sudan Kusini, Chad, jangwa la Algeria na Moroko, ikaivuka Atlantiki na kufika kaskazini kuliko New York yenyewe kabla ya kuteremka. Marubani hawaifuati kikamilifu, kwani hali ya hewa na usalama wa anga la nchi zinazovukwa huwalazimu kukengeuka.

Kinachoitenganisha safari ya kwenda na ya kurudi ni upepo. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambamo ndege kubwa husafiri, kuna mikondo ya upepo mkali ivumayo kutoka magharibi kwenda mashariki, na ambayo juu ya Atlantiki ya Kaskazini huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Boeing 787 hukata hewa kwa kilomita 900 hivi kwa saa pande zote mbili, lakini mwendo wake juu ya ardhi hupungua inapokabili upepo huo na huongezeka inaposukumwa nao.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni mwinuko wa Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupungukiwa msukumo. Kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya saa 15, pamoja na akiba inayotakiwa kisheria, huenda ikalazimika kupunguza shehena au abiria ili iweze kupaa salama. Ugumu huo haupo New York, ambako uwanja uko kando ya bahari, na ndiyo maana safari ya kwenda inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi ngumu za usafiri wa anga barani Afrika.

Saa za ukutani nazo huwachanganya wengi. Wakati wa baridi New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa 8, na wakati wa joto kwa saa 7, hivyo anayeondoka Nairobi saa sita usiku mwezi Januari hufika saa moja asubuhi ya huko, ilhali nyumbani ni saa tisa alasiri.