Matonge ya Bruxelles: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ni nani kati yetu asiyesikia habari za Matonge, mtaa wa Kinshasa katika komini ya Kalamu, wenye muziki na shangwe hata usiku wa manane? Lakini si wote wanaojua ya kuwa iko Matonge ya pili, mbali sana, katika mji wa Bruxelles nchini Ubelgiji. Imo katika komini ya Ixelles, karibu na mahali paitwapo Porte de Namur. Ukipita katika barabara ya Chaussée de Wavre utaona sombe, makayabu na chikwanga vikiuzwa, vitenge vimetundikwa madukani, na wasusi wakiwaita wateja. Mkongo aliyeshikwa na hamu ya kwao hupata faraja hapo.

Mtaa huo ulianzaje? Katika miaka ya 1960 wanafunzi Wakongo walipata makao katika nyumba iitwayo Maison Africaine. Penye wanafunzi huja ndugu na rafiki. Na penye watu wengi huja biashara. Maduka yakafunguliwa katika Galerie d'Ixelles, na watu wakaupa mtaa jina la nyumbani. Mwaka 2002 mchoro mkubwa wa fundi wetu Chéri Samba ulitundikwa Porte de Namur. Tena tarehe 30 Juni 2018, miaka 58 baada ya uhuru wa Kongo, kiwanja kilicho kando ya mtaa kilipewa jina la Patrice Lumumba.

Siku hizi watu wa namna nyingine pia wanataka kukaa huko. Bunge la Ulaya si mbali; kwa miguu unafika upesi. Basi tufikiri habari za kijana mmoja na mkewe, wenye kazi nzuri ofisini. Wamechoka na mtaa wao ulio kimya, ambamo jirani hamjui jirani. Wanahamia Matonge. Siku ya kwanza mama muuza mboga anawasalimu. Juma la pili kinyozi anawajua kwa majina. Jioni wanakaa nje katika Rue Longue Vie, wanakula samaki wa kuchoma, wanaongea na watu wa mataifa mengi. Wanasema: «Hapa ndipo watu wanapoishi pamoja!» Nao wanasema kweli. Furaha hiyo si kosa, wala kuhamia mtaa mpya si dhambi.

Lakini tazameni yanayofuata. Wakija wawili, wanawaita rafiki zao. Mkahawa mpya unafunguliwa, na kahawa yake ni ghali. Wenye nyumba wanaona ya kuwa wapangaji wapya wanaweza kulipa zaidi. Huko Ubelgiji mkataba wa duka huwa kwa kawaida wa miaka 9. Siku ya kuufanya upya, mwenye nyumba aweza kudai kodi kubwa zaidi. Mama muuza mboga anapiga hesabu: faida ya sombe haitoshi. Hakuna aliyemtukana wala kumpiga. Ndivyo wazee walivyosema: akufukuzaye hakwambii toka.

Jambo hili si la Bruxelles tu. Mwaka 1964 mtaalamu Ruth Glass alilipa jina, baada ya kuchunguza mitaa ya London ambamo nyumba za wafanyakazi zilinunuliwa na watu wenye mali, hata wenyeji wakaondoka karibu wote. Ajabu yake ni hii: wageni walifuata uchangamfu wa mtaa, kumbe kodi wanazoweza kulipa ndizo zinazowaondoa wenye kuuchangamsha. Wakiisha kuondoka hao, hubaki kuta zilizopakwa rangi nzuri.

Je, mgeni afanye nini? Kwanza, anunue kwa wenyeji, wala asipite mbele ya duka lao akienda kununua mbali. Pili, ngoma ikimsumbua usiku, abishe hodi kwa jirani kabla ya kuwaita polisi. Tatu, aingie katika mikutano ya wakaaji, na wenyeji wanapotetea kodi iliyo ya haki, awe upande wao. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Naye mwenye nyumba akumbuke ya kuwa mpangaji mwaminifu wa miaka mingi ni mali pia.

Nanyi wanafunzi, kesho mtahamia miji mikubwa kwa ajili ya kazi. Mtachagua mtaa unaowapendeza, na pengine mtakuwa na fedha kuliko wale mtakaowakuta. Siku hiyo msiulize tu: «Mtaa huu utanipa nini?» Ulizeni pia: «Kwa kuja kwangu, nani atapona, na nani atafunga mizigo yake?»