Kisamvu: kipike kwako kwanza, ndiyo ukiuze

Vijana wangu mnaolima muhogo, kisamvu mnakipikaje nyumbani? Najua wengi mtajibu karanga, basi.

Kwangu kuna vitabu vya mapishi vya mikoa mbalimbali. Mwezi huu kila Jumapili tunajaribu kisamvu cha sehemu moja: cha nazi cha Pwani, cha karanga, halafu cha mawese kama wanavyopika Kigoma na ng'ambo ya ziwa, Kongo, ambako wanakiita sombe. Jani lile lile, mboga tatu tofauti kabisa. Cha mawese watoto walilamba sahani.

Ila cha kwanza nilikiharibu. Kitabu kinasema twanga, kisha chemsha sana. Mimi na haraka zangu nikakatakata kwa kisu, nikachemsha kidogo tu. Kichungu hicho! Nikamwaga sufuria nzima, na afadhali, maana majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi. Kutwanga ndiko kunaifungua, moto unaimaliza, sufuria ikiwa wazi.

Sasa fikiria mteja wako afanye kosa langu. Harudi. Kwa hiyo uza kilichotwangwa tayari, na mwambie bado kinataka moto wa kutosha.

Na shambani usichume hovyo, jamani. Ukimaliza majani yote, mizizi haijai. Chuma machanga ya juu, mengine yaache. Kama soko lako ni majani tu, panda kisamvu mpira mpakani mwa shamba. Ule haupandwi kwa ajili ya mizizi, utachuma bila wasiwasi.